Neno moja ni neno, mawili ni ugomvi

Wifi, unasema huko mmesikia Waingereza hawagombani, kutwa ni "sorry" na "please", kwa hiyo mpole kama wewe patakufaa. Nimecheka, kisha nikaudhika. Wanagombana sana tu. Mimi mwenyewe niligombana nikapewa taarifa asubuhi yake.

Ilikuwa zamu ya usiku, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Kuna bibi hawezi kujigeuza, inabidi ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda mgongoni. Mwenzangu hakumgeuza, halafu fomu akajaza kwamba kamgeuza. Nikamwambia. Kwa sauti yetu ya Tanga, unaijua. Yeye wala hakupandisha yake, akaanza na "with respect". Siku hizi nikiisikia hiyo heshima najua tusi liko nyuma yake.

Kulipokucha meneja akaniita: "Can I have a word?" Nikasema neno moja, dakika mbili, basi nitaliwahi. Nilikaa dakika 40. Mezani karatasi imeandikwa kwamba sisi wawili "had words". Nikamjibu, ndiyo, tulikuwa na maneno, ulitaka tuongee kwa ishara? Hakucheka. Kumbe "word" ni mazungumzo, ukiitia ile "s" mwishoni ni ugomvi, na mimi nimeshaukiri kwa mdomo wangu!

Nyumbani tungerushiana maneno, jioni tukala sahani moja. Hapa kibali changu kinamtegemea mwajiri. Akiacha kunidhamini, serikali inanipa siku 60 nipate mdhamini mwingine au nifunge virago. Basi nikaomba radhi. Bibi wa watu hakugeuzwa, na aliyeomba radhi ni mimi.

Kwa hiyo ukija, nyamaza. Hapana, usinyamaze: andika. Tarehe, saa, nani kasema nini, maana hapa anayewahi kuandika ndiye aliyeonewa. Lakini utakuja kwa mlango gani? Tangu Julai 22, 2025 hawaajiri tena walezi wapya kutoka nje, na huyo wakala anayekuambia uuze kiwanja analijua hilo. Usiuze, wifi. Nikisikia umeuza tutakosana.

Ada ya mtoto natuma Ijumaa. Na kaka akisema ana neno na mimi, apige jioni kabla sijaingia zamu, na liwe moja.