Boti ya tanga yenye mkuku mrefu: kabla hujatoa pesa gonga deki, chungulia tanki

Wewe ndugu uliyeuliza kama ununue ile boti ya tanga ya mzungu pale Mtwapa, futi 36, faiba ya miaka ya 70, mkuku mrefu (mkuku ni ule uti wa chini ya boti), imekaa kwenye boya miaka minne na mwenyewe anataka kurudi kwao, ngoja nikujibu kwa urefu manake hilo shimo nilishatumbukia mimi.

Kazi yangu ni kutunza boti za watu, Mtwapa na Kilifi. Mwaka 2014 nikasema na mimi niwe na yangu, nikachukua ya futi 32, nzito, mkuku unaanzia karibu na omo, kule mbele, mpaka kwa usukani. Nikainunua kwa sababu ya kipumbavu kabisa, ndani ilikuwa mbao ya msaji imepigwa vanishi mpaka unajiona uso, nikakaa pale kwa meza ya ramani nikajihisi nishafika Maskati. Vanishi bwana. Ndio kitu cha kwanza muuzaji anapaka na ndio kazi rahisi kuliko zote ndani ya boti.

Mkuku mrefu wenyewe si tatizo, wasikutishe vijana wa boti nyepesi. Nenda Bandari ya Kale, Mombasa, maji yakiwa yametoka, angalia jahazi lililopwelewa, umbo ni hilohilo, mti mmoja mrefu chini, farumi, yaani uzito wa kuituliza, juu yake, usukani umening'inia nyuma. Na hata hao wazungu, yule Robin Knox-Johnston aliyezunguka dunia peke yake bila kituo 1968 mpaka 1969 alikuwa na boti ya futi 32 ya namna hii, ya msaji, imejengwa Bombay na mafundi wa huko, na jina lake Suhaili, hii suheli yetu sisi. Siku hizi hizo mbio zake za kuzunguka dunia, Golden Globe, zimerudi, sheria yao inataka boti za mkuku mrefu za zamani tu, na zile zilizoanza 2022 alishinda mama wa Afrika Kusini, Kirsten Neuschäfer, kwa boti ya futi 36.

Raha yake utaiona usiku. Inashika njia, unafunga usukani unaenda kujipikia chai ukirudi bado iko palepale. Nyavu za wavuvi zinateleza chini kwa sababu usukani umeshikana na mkuku na propela imejificha kwenye dirisha lake, ile boti ya mkuku mfupi kama pezi inanasa kama samaki. Ukipanda fungu la mchanga unasubiri maji, hakuna bolti za mkuku za kuwaza. Na uzito, Westsail 32 kwa mfano ina karibu tani 9, boti ya kisasa ya urefu huo unakuta tani 5 hivi, kwa hiyo wimbi la Pemba halikurushi ovyo, wageni hawatapiki sana.

Lakini sasa uzito huohuo ndio utaukokota. Wewe umesema unataka kupeleka wageni Pemba na Unguja. Kaskazi sawa, Disemba mpaka Machi unateremka umekunja miguu. Tanga mbili, kati ya kaskazi na kusi, upepo ukifa, hiyo boti inakuwa nyumba, injini ndio itakupeleka kwa hiyo injini si kitu cha ziada. Na kusi likishika sahau kabisa kwenda kusini, upepo unakuja usoni na mkondo wetu hapa unapanda kaskazini, kusi ukikolea unafika noti 4, na boti ya mkuku mrefu haipendi kupanda joshi, yaani kuukabili upepo. Mimi nishawahi kupiga bisha, kwenda upande huu na huu dhidi ya upepo, usiku kucha kutoka Kilindini, asubuhi naangalia pwani naona taa ileile ya jana. Wazee walijua, ndio maana walikuwa wanangoja msimu, lakini mgeni aliyelipa siku tano hangoji msimu. Kama biashara yako ni ya Julai na Agosti hapo mimi ningesita, bila kujali bei.

Halafu kurudi kinyumenyume. Haurudi! Yaani unarudi lakini inakoenda inajua yenyewe, tako linavutwa upande mmoja. Pale Mtwapa penye boti zimejazana utawatukana watu na watakutukana.

Haya, kukagua. Ya kwangu niliijaza dizeli lita 200 Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi nafungua kifuniko cha ngama, kule chini kabisa maji yanakokusanyika, naona dizeli inaogelea. Tanki lilikuwa la chuma cheusi, limekaa chini ya sakafu nyuma ya injini, na waliojenga waliliweka kwanza ndipo wakaweka injini ndipo wakaziba kila kitu. Kwa hiyo kulitoa tanki lazima utoe injini, na kutoa injini lazima ukate ngazi na kabati. Tulitundika chenibloku kwenye boriti ya tanga, tukang'oa injini, tanki tukalikata vipande vipande kwa msumeno wa mkono, manake grenda na mvuke wa dizeli mimi siwezi kusogea. Boti nilinunua milioni moja na laki, tanki peke yake likala laki nne kasoro kidogo, na kaskazi yote ikanipita niko na spana. Kwa hiyo swali la kwanza kwa huyo mzungu usiulize tanga, muulize tanki ni la nini, liko wapi, linatoka bila kung'oa injini? Kisha usiamini jibu, ingiza mkono chini yake, pale usipofika ingiza simu upige picha. Kutu huanzia chini kwa sababu maji yaliyomo kwenye dizeli hutulia chini.

Pili gonga deki. Chukua mpini wa bisibisi, tembea deki yote ukigonga taratibu, penye uzima inalia kavu ta ta ta, penye plaiwudi iliyooza ndani inalia kama unagonga godoro. Kama juu imewekwa mbao za msaji kwa skrubu kuwa na wasiwasi zaidi, mamia ya skrubu ni mamia ya matundu na jua letu linakausha ile gundi yao. Gonga hasa kuzunguka mlingoti na vile vyuma bapa vinavyoshika waya zake. Hivyo vyuma navyo, stenlesi inaoza pale usipoiona, ilipobanwa ndani ya deki haipati hewa, juu inang'aa na ndani imekatika nusu. Ukiona machozi ya kutu pale, mwambie avitoe viwili mbele yako. Akikataa ushapata jibu.

Tatu farumi. Uliza ni risasi au ni chuma. Risasi ikifungiwa ndani ya faiba inakaa milele, lakini kuna waliojaza vipande vya chuma na saruji, maji yakiingia chuma kinavimba na kupasua mkuku kutoka ndani. Hiyo huwezi kujua boti ikiwa majini.

Na hapa ndio uzuri wa mkuku mrefu kwa mtu wa Mombasa, huhitaji kreni wala reli. Ipweleze kama jahazi. Bamvua letu, siku za maji makubwa, maji hupanda na kushuka mita 3 na nusu hivi, na yanatoka kabisa saa nne saa tano asubuhi, mchana mweupe. Unaileta maji yakijaa, unaiegemeza kwenye ukuta au nguzo imara, unafunga kamba kutoka mlingotini ili ilalie ndani kidogo, maji yakitoka unashuka na gamubuti unaona kila kitu. Ila usiipweleze siku ya bamvua kuu! Fanya siku mbili kabla, maji yakiwa bado yanaongezeka, la sivyo maji yanayofuata hayatafika na utaiangalia imekaa pale wiki mbili. Kwangua kombe kwenye mkuku, tafuta ufa na ule mchirizi wa rangi ya chai, tafuta malengelenge kwenye faiba, utoboe moja au mawili kwa ruhusa yake, yakitoa maji yanayonuka siki faiba imeanza kunywa, na bahari ya moto kama yetu huharakisha. Malengelenge machache si kifo, mimi nayatibu kila mwaka. Tikisa usukani pale chini unapokalia.

Karatasi sitakaa sana. Kama boti iliingia kama ya mgeni anayepita ushuru haujalipwa, na ukinunua deni linaweza kuwa lako, nenda KRA, watu wa kodi, kwanza. Wageni wa kulipa, hapo ni KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, wanataka ukaguzi na leseni.

Mwambie huyo mzungu unataka kuipweleza kabla ya bei. Akikubali niandikie inboksi, mwezi mpevu uko karibu, nitakuja na nyundo ndogo na tochi, wewe lete gamubuti na mtu wa pili wa kushika kamba.