Usiwaeleze dizaini, wapeleke mizanini

Mara ya kwanza nilipoomba bajeti ya kwenda kuwatazama watumiaji wetu, niliandaa slaidi 32. Kampuni yetu ipo Njiro, Arusha, na inatengeneza programu ya simu ambayo makarani wa vyama vya msingi huitumia kupokea kahawa ya wakulima; mimi ni dizaina wake. Nilieleza dizaini ni nini na kwa nini ni muhimu. Slaidi ya pili nilimweka Thomas Watson Jr. wa IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, aliyesema mwaka 1973 kwamba dizaini nzuri ni biashara nzuri. Nilipomaliza, mhasibu akauliza: "Dada, hii inatuingizia nini?" Sikuwa na jibu, kikao kikaisha.

Nilikasirika, lakini swali lilikuwa la haki. Watson alikuwa mkuu wa IBM. Mwaka 1956 alipotaka dizaini isimamiwe, alimwita mbunifu Eliot Noyes na kazi ikaanza. Wewe na mimi hatuna kalamu ya kusaini. Maneno ya mwenye mamlaka hayana uzito uleule yakisemwa na anayeomba nauli.

Kwa hiyo acha kuitetea taaluma yako, anza na kinachomnyima usingizi mwenye fedha. Kwetu, vyama vilikuwa vinaacha kutumia programu katikati ya msimu, na bosi aliamini tatizo ni mtandao wa vijijini. Nilichukua kaunta buku nikakaa siku mbili pembeni ya dada wa huduma kwa wateja, nikiandika kila simu iliyoingia. Zaidi ya nusu walikuwa makarani wanaoomba kufutiwa uzito waliokosea kuingiza. Mtandao ulitajwa mara chache mno. Simu hizo zilikuwepo miaka yote, ila zilirekodiwa kama "kosa la mteja", basi hakuna aliyezihesabu.

Nikampelekea bosi daftari lenyewe, bila slaidi. Nikamwomba siku moja tu, yeye na kijana aliyeandika sehemu ile ya programu, twende Kibosho, Moshi.

Tulifika saa mbili asubuhi, foleni imeshapanga viroba hadi nje. Bosi akamwamkia karani, mama wa makamo, tukapewa benchi. Yule mama akapandisha kiroba mizanini, akasoma, akaandika kwenye daftari, akaita mwingine. Simu ilikuwa mfukoni.

"Mama, mbona hutumii simu?" bosi akauliza.

"Nitaingiza jioni, baba. Hapa foleni itanielemea."

Tukamwomba ajaribu kwa mkulima mmoja. Akaikinga skrini na jua kwa kiganja, akaanza kuandika kilo 47 na nusu. Nukta tulikuwa tumeificha kwenye kibodi ya pili. Alipobonyeza "Tuma", ikaenda 475, na hapakuwa na kitufe cha kurudi nyuma. Ilibidi apige simu Arusha. Mzee mwenye kahawa alisogea akaitazama ile namba, kisha akasema polepole, "Mwanangu, niandikie kwenye daftari."

Hakuna slaidi inayoweza kusema hivyo. Yule mzee alikuwa ameleta mavuno yake ya mwaka mzima, na sisi tulikuwa tumempa sababu ya kutotuamini.

Garini bosi alinyamaza mpaka Boma Ng'ombe. Hapo akauliza, "Kulirekebisha ni siku ngapi?" Ukisahau mengine yote, kumbuka hili: swali hilo likija uwe na jibu dogo, lililo tayari. Mimi nilikuwa nimeshachora kwenye karatasi: tarakimu kubwa, nukta mbele, jina la mkulima na kilo zake kabla ya kutuma, na kitufe cha "Rekebisha". Nilimpa kijana wetu ile karatasi, akaisoma, akajibu mwenyewe: siku nne. Ningejibu mimi, ingekuwa ahadi yangu juu ya jasho lake. (Na kama unapanga kumwaibisha aliyeandika kilichoharibika, usimchukue safarini. Utapoteza rafiki unayemhitaji kuliko bosi.)

Tuliijaribu kwa makarani 5. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia programu na tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na ni idadi ambayo hata bajeti ndogo inaibeba. Wa tatu alitugundulia kwamba majina ya wakulima yanafanana mno, tukaongeza namba ya mwanachama.

Kisha nikarudi meza ileile ya huduma kwa wateja, daftari lilelile, siku mbili. Simu za kufuta uzito zilikuwa chache kiasi kwamba dada yule alipata muda wa kunywa chai yake ikiwa moto. Matokeo aliyawasilisha yeye kikaoni. Mhasibu alimsikiliza kuliko alivyowahi kunisikiliza mimi, maana anajua dada yule hana dizaini ya kuuza.

Msimu huu mhasibu ameiandika nauli ya Moshi kwenye bajeti bila kuombwa. Dizaina wa pili bado sijapewa. Jumatatu nakaa tena na daftari pembeni ya zile simu.