Ninunue mita gani ya mwanga? Jibu langu, na harusi iliyokosa picha

Juzi kijana mmoja wa Morogoro kaniandikia: “Kaka, shikamoo. Babu ameniachia kamera ya Yashica Mat-124G. Shata inalia vizuri, lenzi ni safi, ila mshale wa mita umelala, hausogei hata nikiielekeza juani. Ninunue mita gani ya kushika mkononi?”

Meseji hiyo nimeisoma mara nne. Kamera yangu ya kwanza ya filamu ilikuwa hiyohiyo, 124G, na mshale wa mita yake, kile kipimo cha kuonyesha mwanga ni mwingi kiasi gani, ulikuwa unacheza bila shida. Laiti ungekuwa umelala. Mshale uliolala unakuonya mapema. Wangu ulinidanganya, na kwa sababu yake kuna harusi moja katika ukoo wetu haina picha za msikitini.

Ilikuwa mwezi wa saba, 2019. Binamu yangu alikuwa anaoa Unguja, nami nikamwambia asitoe pesa kwa mpiga picha, kazi hiyo niachie mimi. Nilikuwa na filamu mbili za Ilford HP5 Plus, yaani picha 24, kwani kamera ile inatoa 12 kwa kila filamu. Nilizitunza kwenye friji miezi miwili nikiisubiri siku ile tu.

Ndoa ilifungwa baada ya alasiri. Tukatoka, wazee wakakaa barazani, vijana wakasimama nyuma yao, wote kwa kanzu nyeupe na kofia, na nyuma yao ukuta uliopigwa chokaa wiki hiyohiyo. Kivuli kizuri, mwanga laini, hakuna aliyekunja uso. Ukifungua kifuniko cha juu cha 124G, mita inaamka yenyewe. Nikazungusha mpaka mishale miwili ikakutana: shata 1/250 ya sekunde, tundu la lenzi 16 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo). Nikapiga kwa utulivu, nikaamini. Filamu ya kwanza ikaisha pale, ya pili nikaimalizia nyumbani kwa bibi harusi, kwenye ua, hukohuko kwenye kuta nyeupe.

Nilirudi Dar nikaziosha mwenyewe bafuni. Nilipozitoa kwenye tangi nilidhani nimekosea dawa. Filamu ilikuwa nyepesi kama plastiki ya kufungia daftari. Kanzu zilikuwepo, hafifu. Ukuta ulikuwepo. Nyuso hazikuwepo. Pale pa nyuso filamu ilikuwa wazi kabisa, yaani haikupata mwanga, unaona ng'ambo. Safu nzima ya kanzu zimesimama bila watu ndani yake, picha 24.

Sikumwambia binamu kwa siku tisa. Nilipomwambia alinyamaza tu, na ukimya wake niliuelewa. Mjomba wetu mmoja alisema angepiga mtu yeyote kwa simu ingetosha. Kila Idi tukikutana neno hilo linarudi, na linaniuma leo kama siku ile.

Kosa lilikuwa wapi? Yalikuwa mawili, na yote mawili yalivuta upande mmoja.

La kwanza ni betri. 124G ilitengenezwa kutumia betri ya zebaki, PX625, ya volti 1.35, ambayo volti zake hazishuki mpaka inapokaribia kufa. Betri za zebaki ziliondolewa sokoni kwa sababu ya sumu yake. Nilipokwenda dukani nikapewa ya alkalini ya umbo lilelile, volti 1.5, nikaambiwa “ni ileile.” Iliingia, mshale ukacheza, nikafurahi. Lakini volti zikizidi, mshale unapanda kuliko unavyopaswa, na kamera inadhani mwanga ni mwingi. Kwenye kamera yangu, nilipokuja kuilinganisha baadaye, tofauti ilikuwa hatua moja nzima (kila hatua ni mwanga kuwa mara mbili au kupungua nusu). Tena alkalini inashuka kidogo kidogo inavyotumika, kwa hiyo hata kosa lenyewe halitulii ukalizoea. Ziko betri za hewa na zinki, zile za vifaa vya kusikia, volti 1.4, zinakaribia sana ile ya zamani, ila ukishabandua karatasi yake zinaanza kuisha utumie usitumie. Zipo pia adapta za chuma zinazopunguza volti za betri ya oksidi ya fedha. Na si kamera zote zenye udhaifu huu: Pentax Spotmatic, kwa mfano, saketi yake haijali tofauti hiyo. Uliza habari za kamera yako kwanza.

La pili ni kubwa kuliko betri, na ndilo lililonifanya nikae niandike.

Miezi kadhaa baadaye nilipeleka zile negativu, yaani filamu zilizooshwa, kwa mzee mmoja Kariakoo aliyepiga picha studio miaka mingi. Aliziangalia dhidi ya mwanga wa mlango, hakucheka. Akaingia ndani akatoka na mita yake ya Weston Master V na nguo tatu: kanzu nyeupe, buibui jeusi, na shati la kaki. Akaziweka juu ya meza pale mlangoni, mwanga uleule, akanipa mita nipime moja moja kwa filamu ya 400 (namba ya wepesi wake wa kushika mwanga, kama ile HP5 yangu). Kwenye kaki nikapata shata 1/250 kwa tundu la 8. Kwenye kanzu, 1/250 kwa tundu la 16. Kwenye buibui, 1/250 kwa tundu la 4. Jua halikusogea, wingu halikupita, nami nina majibu matatu.

Kisha akachomeka juu ya jicho la mita kile kibandiko cheupe cha Weston kiitwacho Invercone, akaniambia niigeuze: nisiielekeze kwenye nguo, niiweke juu ya nguo na uso wake mweupe utazame ninakosimama na kamera. Kanzu: 8. Buibui: 8. Kaki: 8.

Nilisimama pale nikiwa na hasira na miaka yangu yote ya kusoma mtandaoni. Mita inayotazama kitu hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu hicho, na haina njia ya kujua kama ni kanzu au buibui. Imetengenezwa kudhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani, kile cha asilimia 18. Ukiipa kanzu na chokaa, inasema mwanga umezidi, funga lenzi. Siku ya harusi kanzu na ukuta vilinifungisha hatua mbili, betri ikaongeza ya tatu. Hatua tatu maana yake filamu ilipata sehemu moja ya nane ya mwanga iliouhitaji. Kanzu iliweza kuvumilia. Ngozi nyeusi, ambayo yenyewe inarudisha mwanga mchache kuliko hicho kijivu, haikubakiziwa kitu.

Ndugu zangu, hapa ndipo nataka mnisikilize. Ushauri mwingi wa mita tunaousoma unatoka kwa watu wanaopiga nyuso nyeupe chini ya mawingu ya Ulaya. Sisi tunapiga nyuso nyeusi, kanzu nyeupe, mabuibui, kuta za chokaa, mchanga wa pwani, jua la utosini. Kila kimoja kati ya hivyo kinamdanganya anayepima mwanga unaorudi. Pimeni mwanga unaoanguka juu ya mtu, kama Invercone ilivyofanya. Mkinunua mita, kitu cha kwanza kukitafuta ni ile kuba nyeupe, nusu duara kama yai lililokatwa. Kama haina, hata kama inang'aa namna gani, fikirini mara mbili.

Zile ndogo za kuchomeka juu ya kamera, wanazozipenda wenye Leica M3 na Nikon F zisizo na mita, ni nzuri kwa mtembezi wa mitaani, ila nyingi zinapima mwanga unaorudi. Programu za simu nazo, nyingi zinatumia kamera ya simu, kwa hiyo ni yaleyale. Sizikatai, ni bure na zimeniokoa mara moja, lakini usimpimie bwana harusi. Mita za nukta zinazotazama pembe ya nyuzi moja tu, kama ya Pentax, ni chombo cha mtu anayejua kila sehemu ya picha anataka iwe nyeusi kiasi gani. Ukifika huko hutahitaji kuniuliza.

Mita za zamani za seleniamu, kama Weston zenyewe na Sekonic L-398, hazitaki betri, mwanga wenyewe ndio unaoziendesha. Ni jambo zuri sana kwetu. Ila seleniamu inazeeka, na unyevu wa pwani unaimaliza haraka. Muuzaji atakuonyesha mshale unavyoruka juani; kuruka si kupima. Linganisha na mita nyingine, juani na ndani, kabla hujatoa pesa. Tena magharibi ikishaingia, hazioni, na kwetu giza halichelewi. Za CdS (kadimiamu salfaidi, zinazohitaji betri) kama Gossen Lunasix zinaona gizani vizuri zaidi, lakini hukawia kutulia zikitoka mwangani, na Lunasix inarudisha tatizo lilelile la betri za zebaki.

Mimi niliuza lenzi moja nikanunua Sekonic L-308 iliyotumika, shilingi laki tatu na nusu, kutoka kwa mtu aliyeacha filamu. Ina kuba inayosogezwa mbele ya jicho, inajibu papo hapo, na inatumia betri moja ya AA, ile ya saa ya ukutani. Hata Makunduchi utaipata. Kwa aliyeachwa na betri kama mimi, hilo peke yake lilitosha.

Mwezi uliopita binamu yuleyule alikuwa na akika ya mwanawe wa pili. Alinipigia mwenyewe. Sikutegemea. Nilikwenda na 124G ileile, nimeitoa betri kabisa, na mita shingoni. Nilimwendea kila mtu, nikaiweka mita karibu na kidevu chake, kuba ikitazama kamera, nikasoma, nikarudi, nikapiga. Bibi mmoja mwenye buibui, amempakata mtoto aliyefungwa kitambaa cheupe, amekaa mbele ya ukuta mweupe. Picha 12, zimetoka 12. Kwenye ile ya bibi unaona nyuzi za kitambaa, unaona mikunjo ya buibui, na uso upo. Imetundikwa sebuleni kwao, na mjomba ameiona.

Sasa wewe wa Morogoro. Usihangaike na ule mshale, wala usiipeleke kamera kufunguliwa kwa ajili yake. Kabla hujapata mita, tumia kanuni ya jua: jua kali wazi, tundu 16, shata iwe karibu na namba ya filamu, yaani 1/125 kwa filamu ya 100 na 1/500 kwa ya 400. Kwenye kivuli kilicho wazi fungua hatua tatu. Ukiwa na programu ya simu, pima kiganja chako kilicho kwenye mwanga uleule wa unayempiga, halafu fungua hatua moja. Ukisita kati ya namba mbili, chagua inayoipa filamu mwanga zaidi. Negativu inavumilia kuzidishiwa kuliko kunyimwa. Filamu ya slaidi haisamehe, usianze nayo. Halafu weka pesa utafute mita yenye kuba.

Ukishaosha filamu ya kwanza, usinitumie picha zilizoskaniwa, mashine inaficha mengi. Inyooshe negativu yenyewe kwenye dirisha, uipige kwa simu, unitumie hiyo. Nitakwenda moja kwa moja kwenye nyuso.