Tenki la mafuta linapovuja: kwa mnaoanza kazi gereji

Mdogo wangu unayeanza kazi gereji hapa Dodoma, tenki linalovuja litakufikia mapema. Barabara kuu zetu zina lami, ya kwenda Kondoa hadi Babati na ya kupita Mtera hadi Iringa, lakini wateja wengi hawaishi kandokando ya lami. Wanaingia vijijini Bahi, Chamwino na Mpwapwa, kwenye changarawe na makorongo, na tenki la gari dogo limekaa chini kabisa upande wa nyuma, pale pale jiwe linaporuka na kugonga. Mteja akifika kwako atakuwa na mambo mawili: gari linanuka petroli, na hela ya tenki jipya hana.

Mtu huyo anaweza kusaidiwa kwa gharama ndogo, na mara nyingi ndivyo inavyopaswa kuwa. Ila shika jambo moja kabla ya mengine yote: bana matumizi kwenye kiraka, kwenye gundi, hata kwenye malipo yako ukitaka, lakini usibane kwenye kuondoa mvuke wa petroli.

Petroli yenyewe ikiwa kimiminika haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo unatoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hata asubuhi ya Julai yenye baridi na upepo hapa kwetu, tenki linatoa mvuke. Ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi ukapotea, unashuka, unatambaa sakafuni, unajaa kwenye shimo la gereji. Ndiyo maana kazi ya tenki haifanywi juu ya shimo, hata kama shimo ndilo linalokupa nafasi nzuri ya kuona. Sogeza gari nje, pandisha kwa jeki, weka stendi imara, ulale chini.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu wengi wanaamini kinyume chake. Mvuke wa petroli unawaka ukiwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa. Tenki lililojaa lina hewa kidogo sana ndani. Lile ulilomwaga mafuta yote ukabaki na unyevunyevu tu ndilo lenye mchanganyiko unaolipuka vizuri. Mtu akikwambia "lete tu nichomelee, si tupu hilo?", chukua tenki lako uondoke.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Madereva wetu wa kwenda Dar es Salaam wanapita eneo lile kila siku. Mvuke uliowaua watu wale ndio huohuo ulio ndani ya tenki unalolibeba kwa mikono miwili.

Tuje kwenye kazi. Anza kwa kutafuta, usianze kwa kufungua. Magari mengi yanayoletwa kwa sababu ya tenki yana tenki zima kabisa. Kinachovuja ni mpira mnene unaounganisha shingo ya kujazia na tenki, ambao joto na miaka vimeupasua. Au ni klipu iliyolegea, au mpira wa duara unaokaa chini ya kifuniko cha pampu, ule unaoufikia kwa kunyanyua kiti cha nyuma. Au ni bomba jembamba la chuma linaloelekea kwenye injini, limekula kutu mahali liliposhikwa na kibano. Vitu hivi ni vya bei ndogo. Fundi anayeshusha tenki kabla ya kuviangalia anamtia mteja hasara bure.

Muulize dereva swali moja: "Linanuka likiwa limejaa tu, au hata likiwa robo?" Kama ni likijaa tu, tundu liko juu, au hakuna tundu. Petroli inatoka kwenye matenki ya ardhini ya kituo ikiwa ya baridi, kisha gari linaegeshwa juani mchana kutwa. Lita 40 zikipanda joto kwa nyuzi 15 zinaongezeka zaidi ya nusu lita, na nusu lita hiyo itatafuta pa kutokea. Mteja anayemwambia mhudumu "shindilia hadi juu" anajitengenezea harufu mwenyewe. Mweleze aache pampu ikijikata mara ya kwanza.

Kama linanuka hata likiwa robo, lala chini uangalie asubuhi kabla jua halijapanda. Hewa yetu ni kavu, na petroli inayovuja polepole inakauka kabla haijadondoka, kwa hiyo mchana unaweza kuchungulia usione tone hata moja. Utakachoona ni vumbi: mahali pengine pote ni jepesi na linapukutika, ila penye uvujaji limeganda, jeusi, linashika kidole. Fuata doa hilo kwenda juu na kwenda mbele, maana mafuta yanateremka na upepo wa mwendo unayasukuma nyuma. Ukifika eneo lenyewe, lioshe kwa maji na sabuni, likaushe, kisha lipake unga wa chaki. Baada ya muda mfupi mstari wa unyevu utajichora kwenye chaki na kukuonyesha unakoanzia.

Kagua hasa chini ya mikanda inayoshikilia tenki. Pale tope linakaa, maji ya masika yanabaki, na kipande cha mpira kilichowekwa kiwandani kikidondoka, chuma kinasuguana na chuma. Matenki mengi ya chuma yanatobokea hapo. Ukiziba tundu bila kurudisha mpira chini ya mkanda, litatoboka tena.

Mteja akisita kutengeneza, mfanyie hesabu. Tone moja kila sekunde linaweza kufikisha lita moja na nusu kwa siku, au zaidi. EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na ya Dodoma huwa juu kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji. Azidishe mwenyewe kwa siku 30. Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanaisha na kazi inaanza.

Kumwaga mafuta: chomoa kwanza waya hasi wa betri. Fungua kifuniko cha kujazia ili presha itoke. Usivute petroli kwa mdomo. Ikiingia kwenye mapafu, hata kidogo, inaweza kuua, na aliyeimeza halazimishwi kutapika, anapelekwa hospitali. Tumia pampu ya mkono. Chombo kiwe cha kuhifadhia mafuta, na kikae chini ardhini wakati unajaza, kisining'inizwe wala kuwekwa juu ya kapeti ya gari. Msimu wetu wa kiangazi ni mkavu sana, na hewa kavu huzidisha umeme tuli. Cheche yake inatosha. Taa ya balbu ya waya iache ndani. Tumia tochi iliyofungwa vizuri, na uiwashe kabla hujasogea. Mtungi wa poda wa kuzimia moto uwe karibu, na ndoo ya mchanga. Usikimbilie maji, kwa sababu petroli inaelea juu yake na moto utasambaa nayo. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, iandike ukutani.

Kuna dawa ya njiani ambayo madereva wa zamani wanaijua, na ni ya kweli: sabuni ya mche. Ukiisugua kwenye ufa mdogo inaziba, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Maji yanaiyeyusha. Itakufikisha mjini kutoka Kibaigwa wakati wa kiangazi, lakini mvua ikinyesha au gari likipita kwenye dimbwi, umerudi ulikotoka. Ni ya kumfikisha mtu gereji tu.

Kwa tundu dogo kwenye tenki la chuma, lisilozidi kichwa cha kiberiti, au ufa mfupi kwenye mshono, njia ya bei nafuu inayodumu ni gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa, pamoja na kitambaa cha faiba. Haihitaji moto. Soma pakiti: lazima iseme inahimili petroli. Gundi ya silikoni ya kutengenezea gasketi inalainika ikikutana na petroli. Putti ya bodi inapasuka kwa mtikisiko. Nimeona matenki yaliyopakwa vitu hivi viwili tabaka juu ya tabaka, na kazi ya kuvikwangua ilikuwa kubwa kuliko kazi ya kuziba.

Kiraka hakishiki penye unyevu. Usitegemee gundi ya kupachika wakati mafuta yanadondoka, hata kama muuzaji atakuapia. Shusha mafuta hadi chini ya tundu. Kama tundu liko chini kabisa, shusha tenki, litoe mafuta yote na ulioshe. Kisha kwangua kwa msasa wa mkono hadi chuma king'ae, upana wa vidole viwili au vitatu kila upande wa tundu. Usitumie grenda, kwa sababu ya cheche. Futa kwa tambara safi lenye asetoni au thina, acha pakauke, na ukishafuta usipaguse tena kwa kidole, maana jasho na grisi ya mkono vinatosha kuharibu. Hapa ndipo kiraka kinapona au kinapokufa, na ndipo vijana wanapoharakisha.

Changanya gundi kidogo kidogo. Mchana wa Oktoba au Novemba inaganda mkononi mwako kabla hujamaliza kupaka. Usiku wa Julai inachelewa. Paka, laza kitambaa, kandamiza hewa itoke, paka tena, laza cha pili kikubwa kuliko cha kwanza. Tundu likiwa pana zaidi, tanguliza kipande cha bati safi. Halafu ngoja saa 24. Mteja atapiga simu, atasema ana safari ya Singida. Mwambie, "Bosi, gari lako liko tayari kesho," na usimwachie.

Tenki la plastiki ni habari nyingine. Mengi yametengenezwa kwa polietilini, plastiki ambayo gundi za kawaida haziishiki. Kiraka kitakaa vizuri siku ya kwanza kisha kitabanduka kizima kama ganda. Kuliunganisha kunahitaji plastiki ya aina ileile kuyeyushwa pamoja nalo, yaani joto, na ukisema joto umerudi kwenye mvuke. Kwa fundi anayeanza, jibu langu kwa tenki la plastiki lenye ufa ni kulibadilisha.

Kuchomelea sikufundishi hapa, nakufundisha kukataa. Watu wataliosha tenki kwa maji ya moto na sabuni ya unga, walinuse, waseme halinuki. Ndani ya mikunjo ya mshono na chini ya kutu kunabaki petroli, na joto la kuchomelea linaitoa upya. Kuingiza moshi wa ekzosi ndani, kama wengine wanavyofanya, hakukupi uhakika wowote. Kazi hiyo ni ya mtu mwenye vifaa vya kusafisha tenki kwa mvuke wa maji na anayejua kuondoa hewa ndani yake, na kama mjini humpati, haifanyiki. Usidanganyike na dizeli pia. Ni kweli haitoi mvuke wa kuwaka hadi ipate joto la zaidi ya nyuzi 50, lakini moto wa kuchomelea ni maelfu ya nyuzi.

Jifunze pia kuona tenki lisilofaa kuzibwa. Ukikwangua kwa msasa na tundu moja likawa matatu, kutu imetoka ndani, na chuma kilichobaki ni chembamba kama karatasi. Kiraka hakina cha kushika. Mweleze mteja ukweli mkiwa mnaliangalia wote wawili, kisha mtafutie la mtumba. Nenda na tenki la zamani au picha zake: pima tundu la pampu, idadi ya mabomba, mahali pa mikanda. Modeli moja ya gari inaweza kuwa na matenki tofauti kwa lile linaloendeshwa na magurudumu ya mbele na lile la magurudumu manne. Mulika ndani kwa tochi. Kutu nyekundu sakafuni ina maana unanunua tatizo ulilokuja nalo. Na nunua mpira mpya wa pampu hata kama wa zamani unaonekana mzima, maana ukishafunguliwa hurudi kukaa vibaya.

Ukimaliza, usijaze. Weka lita tano, chuja ile petroli uliyoitoa kabla ya kuirudisha, tikisa gari, ngoja, angalia. Kisha ongeza hadi juu ya mstari wa tundu na uliache lilale usiku. Asubuhi paka chaki tena kuzunguka kiraka. Ikiwa kavu, rudisha waya wa betri, washa, kagua maungio yote injini ikiwa inanguruma, kwa sababu presha ya pampu inaonyesha uvujaji ambao gari lililozimwa halionyeshi. Kwenye risiti andika ulichoziba, mahali ulipoziba, gundi uliyotumia na tarehe, na umwambie mteja arudi baada ya wiki moja ulale chini uangalie tena, bila malipo.