Jibu: Goti la mama na mgongo wa mzee, tuchange upasuaji au tuendelee na sindano?
Mkuu, kama eksirei aliyopigwa akiwa amesimama inaonyesha mifupa inasagana, na usiku hapati usingizi, kubadilisha goti kunalipa: takribani magoti bandia 8 kati ya 10 hufikisha miaka 25. Ila karibu mtu 1 kati ya 5 hubaki na maumivu, hasa kama gegedu (tabaka laini linalozuia mifupa kusagana) lilikuwa halijaisha.

Mgongo wa mzee ni habari nyingine. Kuunga pingili (mifupa ya uti wa mgongo) kwa maumivu ya kiuno tu, bila neva kubanwa wala pingili kuhama, mara nyingi ni hela kupotea.

Mkienda MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) ulizeni bei ya goti bandia lenyewe kando na kitanda, na bima inalipa kipi. Tengeni pia ya fiziotherapia; goti lisipokunjwa wiki 6 za mwanzo hukakamaa. Kama mama ana kisukari, sukari ishushwe kwanza: usaha ukiingia kwenye goti, mnalipa upya.