Maswali na majibu: mabomu ya angani

Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini wameuliza kuhusu mabomu ya ndege vitani. Najibu manne.

Mwalimu, nchi gani ilikuwa ya kwanza kudondosha bomu kwa ndege vitani? (Kijana, Tukuyu)

Italia, na bomu lenyewe lilianguka Afrika. Tarehe 1 Novemba 1911, rubani Giulio Gavotti aliruka hadi Ain Zara, karibu na Tripoli, Libya, Italia ilipokuwa vitani na Waturuki. Mkono mmoja ulishika usukani, wa pili ukatoa kibomu cha kilo 2 hivi na kukitupa nje. Wengi huanza kusimulia historia hii kwa miji ya Ulaya, na hilo linaniudhi. Mwaka 1935 na 1936 ndege za Italia ziliwamwagia Waethiopia gesi ya haradali. Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alikwenda Geneva kuyaeleza mataifa jinsi watu na mifugo walivyonyunyiziwa sumu. Mwezi uliofuata, vikwazo ambavyo mataifa hayo yalikuwa yameiwekea Italia vikaondolewa.

Bibi yangu husimulia kwamba Wazungu wakimbizi waliwahi kukaa Ifunda. Walikimbia mabomu? (Msomaji, Mafinga)

Mfikishie bibi shikamoo yangu, kumbukumbu yake ni sahihi. Walikuwa Wapolandi, na wengine waliwekwa Kidugala, Njombe. Nchi yao ilipigwa mabomu tangu Septemba 1, 1939, lakini wengi wa hawa walihamishwa kwa nguvu na Wasovieti kutoka mashariki mwa Poland na kupelekwa Siberia. Mwaka 1942 waliruhusiwa kutoka kupitia Iran, ndipo wakaletwa huku.

Kulipua miji kulisaidia kushinda vita? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa)

Jenerali Giulio Douhet wa Italia aliandika mwaka 1921 kwamba raia wakipigwa vya kutosha wataishinikiza serikali yao isalimu amri. Ujerumani iliipiga London na miji mingine kuanzia Septemba 1940 hadi Mei 1941, Waingereza zaidi ya 40,000 wakafa, na hawakusalimu amri. Nao wakaichoma Hamburg Julai 1943, lakini viwanda vya silaha vya Ujerumani vilifikia kilele mwaka 1944. Kilichoiumiza kweli ni kupigwa kwa mitambo yake ya mafuta.

Tokyo ndiyo inayonikosesha raha. Usiku wa Machi 9 kuamkia 10, 1945, ndege za Marekani aina ya B-29 karibu 280 zilishuka chini zikamwaga mabomu ya moto juu ya mitaa ya nyumba za mbao. Upepo ulikuwa mkali. Watu walijitosa kwenye mifereji na Mto Sumida, wengi wakafia humo. Usiku mmoja, watu wapatao 100,000, na Japani ilipigana hadi Agosti. Kwangu mimi, mtoto aliyelala nyumbani kwao si shabaha halali, hata iwe vita ya nani.

Nchi yetu iliwahi kushambuliwa kwa ndege? (Mstaafu, Mbeya)

Ndiyo, mzee wangu, katika Vita vya Kagera. Ndege za Idi Amin zilishambulia Bukoba mwaka 1978. Machi 1979, ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, aina ya Tu-22 ililenga ghala la mafuta Mwanza ikakosea, ikapiga kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Kama ulikuwa jeshini wakati ule, niandikie uliyoyaona.