Re: Kitabu cha ndege chenye michoro kinamfaa kijana wa sekondari?

Ndugu, usihofu kwamba picha za kuchora ni za kitoto. Kamera inakuonyesha ndege mmoja, siku moja, kwenye mwanga wa siku ile. Mchoraji mzuri anakuwekea kwera (ndege mfumaji wa viota) dume wa manjano, jike wake aliyefifia, na dume yuleyule msimu wa kuzaliana ukishapita, wamepangwa pamoja ulinganishe midomo na macho.

Mtafutie kijana kitabu cha ndege cha Stevenson na Fanshawe, kilichotoka mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kinahusu Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na ramani na maelezo yanatazamana na picha. Hilo kwangu ndilo kubwa: ukiwa na darubini mkononi, ukianza kuhangaika na faharasa, ndege ameshaondoka.